Vita vya Samaki wa Moshi, Vilivyopiganwa Sakina Saa Nne Asubuhi

Jongeeni, enyi wake kwa waume wa Arusha, ninyi wa Tengeru mliokalia magunia na ninyi wa Kikwe mliokalia vigoda, ninyi wa mjini mnaotembea kwa haraka kana kwamba kuna mtu amewaita. Jongeeni mkae, mshushe vikombe, mpunguze sauti ya redio, na anayepepeta mchele aache ungo utulie kidogo magotini, kwa maana habari ninayowaletea haijapata kusimuliwa na mtu yeyote, na sababu yake ni kwamba wengine wote walioishuhudia wana kazi za kufanya.

Sitawasimulia majemadari waliovuka mito wala watemi waliogombea malisho. Nitamsimulia mtu mmoja, Elihuruma mwana wa Ndesanjo, Mshika Mwiko, Mtikisa Masufuria, Simba wa Sakina upande wa chini ya barabara, ambaye Jumapili moja aliingia jikoni mwake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, akapika samaki na viazi. Na mkiuliza ni nani aliyempa sifa hizo zote, jibu ni jepesi. Elihuruma huyo ni mimi, na nilijipa mwenyewe baada ya kusubiri muda wa kutosha bila mwingine kujitokeza.

Zilikuwa zama za Ruksa. Foleni za sukari zilikuwa zimekwisha, milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, na vitu vikaingia kama mafuriko: ikaingia siagi ya kopo, ikaingia sabuni yenye harufu ya matunda tusiyoyajua, yakaingia marobota ya mitumba yenye makoti ya watu warefu kupita kiasi. Na kwa mlango uleule ulioachwa wazi ili vitu viingie, mimi nikatoka. Kiwanda nilichokuwa mtunza stoo wake kilitangaza kwamba kinapunguza watu, na kwa bahati mbaya mimi nilikuwa mtu.

Mke wangu Anande hakukaa kulia. Alijitwika robota akaenda sokoni, na kabla masika hayajakatika alikuwa amekwisha kuwa Malkia wa Masweta, anayeweza kumtupia mteja jicho moja tu akajua kifua chake kinavaa nini. Mimi nikawa nashusha mizigo ya malori yaliyosimama Sakina kwenye barabara ya Nairobi, na siku ambazo malori hayakusimama nikamlea binti yetu Evelyn na kupika. Mwanzoni nilipika dirisha likiwa limefungwa, majirani wasinione. Baadaye nikapika dirisha likiwa wazi. Hayo ndiyo maendeleo niliyoyapata katika zama zile, na wala siyadharau.

Lakini kila jemadari ana adui wake, na wa kwangu alikuwa anakuja kwa basi.

Alikuwa Bibi Aika, mama mzazi wa Anande, mwanamke wa Moshi, juu kabisa kule migombani, Mzee wa Kanisa, Sauti ya Pili Isiyotetereka katika kwaya, mwenye kanga iliyofungwa barabara hata upepo wa Meru ukawa unampitia pembeni kwa heshima. Tangu nilipopunguzwa kazini alikuwa anakuja kututazama. Alileta ndizi, alileta maharage, alimletea Evelyn soksi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akauliza hali ya kila mmoja wetu, akaomba sala ndefu iliyotutaja kwa majina. Lakini kula, hakula. Kila alipokaribishwa chakula aliinua ngao yake, ngao ambayo sikuwahi kuona mkuki ulioitoboa.

“Nimeshakunywa chai,” alisema.

Alilisema hilo kwa upole, huku anatabasamu, nami nikalisikia kama komeo linavyosikika likiingia mahali pake. Nikajiambia kwamba maana yake naijua. Mama huyu hawezi kula kwenye mkono wa mwanaume aliyepunguzwa. Hajanitamkia neno baya hata moja, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu neno baya ningelijibu, lakini chai iliyokwisha kunyweka utaijibu nini? Basi nikaapa, nikiwa nimesimama katikati ya sebule yangu na Evelyn amening'inia kwenye mguu wangu wa kushoto, kwamba kabla nywele zangu hazijaisha Bibi Aika atakula nyumbani kwangu chakula kilichopikwa na mikono hii, hata kama ni kijiko kimoja. Sikutaka kingine. Wenzangu walikuwa wanafungua kampuni za kutembeza watalii. Mimi nilitaka mama mkwe ale.

Sasa sikilizeni jinsi majaliwa yalivyonitega.

Jioni moja Anande alikuwa anatengeneza pindo la sweta, amekaa kitandani, pini zimejaa mdomoni kama miiba ya nungunungu, akanipa habari kwamba mama yake anakuja mjini kwa shughuli ya umoja wa wanawake, atasali ibada ya kwanza, na Jumapili saa nne atapita kwetu. Nikasimama. Nikamwuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza ngome ina milango mingapi: kuna kitu gani duniani ambacho Mama akikiona hawezi kukikataa? Na Anande, bila kutoa pini hata moja, akanijibu neno ambalo nalinukuu hapa kama masikio yangu yalivyoliandika:

“Mama mpe vitu vya moshi. Hapo atakula.”

Vitu vya moshi. Nikalala na neno hilo, nikaamka nalo. Na kadiri nilivyolifikiri ndivyo lilivyozidi kuwa na akili. Mwanamke aliyekulia nyumba ya zamani, moto katikati, nyama zinaning'inia darini zikipakwa masizi usiku kucha: huyu hawezi kutamani mchemsho wala makange. Anatamani kitu kilichopigwa moshi. Nyama ya namna hiyo sikujua pa kuipata, lakini samaki wa moshi nilijua wapo Tengeru siku ya soko, wamepangwa kwenye vikapu, weusi, wametulia, wanangoja mtu mwenye maono. Jumamosi nikaenda. Mama aliyekuwa anauza, Susana kwa jina, akanichagulia perege wakubwa, akanipigia kifuani mmoja wao nisikie alivyokauka, akanihakikishia kwamba hawa siyo wa kutoka mbali, hawa ni wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wamepita Moshi jana. Niliwafunga kwenye gazeti nikawabeba kwapani hadi nyumbani kama mtu anayerudi na bendera ya adui.

Viazi nilikuwa navyo. Mwenye lori mmoja aliyeteremka navyo kutoka mashamba ya juu, kule Meru kunakoanza baridi, alinilipa kazi yangu ndoo nzima ya viazi, ndoo kubwa, imejaa kwa kilima. Ndoo hiyo ilisimama kona ya jiko kama kikosi kinachongoja amri.

Ikapambazuka Jumapili. Mlima Meru ulitoa kichwa mara moja, ukaniona nilivyo, ukajifunika wingu. Anande akamvalisha Evelyn gauni la kanisani, wakaondoka kwenda ibada ya kwanza kumpokea Bibi huko, naye aliniuliza mlangoni kama chakula kitakuwepo, nami nikamjibu kwa kuinua mkono mmoja, maana niliona wakubwa wote hufanya hivyo.

Nikavaa deraya yangu. Ilikuwa aproni iliyotoka kwenye robota la mke wangu, nyeupe zamani, yenye picha ya mdudu mwekundu wa baharini ameinua makoleo yake mawili, na chini yake maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu Sakina aliyeweza kuisoma. Mpaka leo sijui nilipigana nikitangaza nini kifuani. Nikashika kisu chenye mpini uliofungwa kipande cha tairi la baiskeli. Nikapiga goti mbele ya jiko.

Ewe jiko la mkaa, nikasema, wewe uliyekatwa kwenye pipa la dizeli na mafundi wa barabarani, wewe uliyewaona watu wakija na kwenda, usiniangushe leo. Shika moto. Mimi si yule mtunza stoo aliyekuwa anapewa chai na tarishi. Mimi ni mwenzako, nimetolewa kwenye chuma kilichobaki.

Jiko likasikia yote hayo na halikushika. Mkaa ulikuwa umelala kwenye unyevu. Nikapuliza, nikapepea kwa mfuniko, nikapepea kwa sinia, nikapepea kwa kalenda ya kampuni ya mabasi iliyokuwa ukutani, na moshi ukainuka kwa ghadhabu, mzito, wa kijivu, ukaniingia puani, ukaniingia machoni, ukaniingia hata kwenye mifuko. Samaki alikuwa amekwisha kupigwa moshi kule kwao. Sasa ilikuwa zamu yangu. Basi la Nairobi lilipopita barabarani nilimwona abiria mmoja dirishani akinitazama kwa huruma, kama mtu anavyotazama nyumba inayoungua akiwa anajua haihusu ukoo wake.

Hatimaye likawaka. Hapo nikavigeukia viazi. Viazi vina macho, ndugu zangu, na vyangu vilinikodolea vyote kwa pamoja, lakini sikutetereka: nikamenya cha kwanza, nikamenya na cha pembeni yake, maganda yakaruka kulia na kushoto, na kwa kuwa sikuwa najua mama mkwe anakula viazi vingapi, na mtu mwoga hukosea kwa kuzidisha, nikamenya ndoo yote. Nikavichemsha kwenye sufuria kubwa ya misiba tuliyoazima siku nyingi na tukasahau kuirudisha. Vitunguu navyo vikanitoa machozi, na sitaki mtu aseme kwamba Elihuruma alilia. Alilia, lakini alikata huku analia.

Likabaki jambo la maziwa. Nilikuwa nimeamua samaki achemke kwenye maziwa, alainike, apunguze ukali. Na maziwa mazuri katika upande wetu yalikuwa ya jirani yangu Nashipae, Mwarusha mwenye ng'ombe mmoja na msimamo. Nikamwita uani. Akaja na kibuyu, akaniuliza maziwa yote hayo ni ya chai ya wageni wangapi. Kabla sijajibu, pua yake ikajibu.

“Baba Evelyn,” akasema, “humo ndani kuna samaki.”

Nikakiri. Akarudi nyuma hatua, akakikumbatia kibuyu kama mama anayekinga mtoto. Akaniuliza kama nimekusudia kuyachanganya maziwa ya ng'ombe wake na yule nyoka mwenye mapezi, na kama ninajua kwamba ng'ombe akisikia anaweza kukauka. Nikamwomba. Nikamweleza habari ya mama mkwe, ya chai, ya kiapo. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameziba pua na pembe ya shuka. Kisha akasema nikalete sufuria yangu mwenyewe niiweke chini, kisha nisogee, naye akayamimina kutoka juu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, yakaanguka kama maporomoko ya maji, ili kibuyu chake kisiguse chombo changu hata kwa mvuke.

“Na huyo mama wa Moshi,” akauliza akifunga kibuyu, “anakula hicho?”

“Anakula vitu vya moshi,” nikamjibu, kwa hakika ya nabii.

“Haya,” akasema.

Walikuwepo watu wengi wakubwa zamani walioambiwa “haya” ya namna hiyo na wasigeuke kumtazama aliyeisema. Na mimi niliungana nao. Nikaingia ndani.

Sasa mapambano yakapamba moto. Samaki nikamloweka maji ya moto akalegea, nikamtoa ngozi, nikamtoa uti, nikamtoa miiba mikubwa; ile midogo, wapiganaji wa msituni, ikajificha kwenye nyama na nikaiacha kwa sababu kila niliyoikamata ilileta ndugu zake. Nikamtia kwenye maziwa. Kwenye sufuria ya pili vitunguu vikapigwa na siagi ya kopo, zikafuata nyanya, ikafuata hoho, vikaingia viazi vimekatwa mapande na kukaangwa mpaka kingo zikawa za kahawia, kisha nikaita samaki na maziwa yake, vikakutana, vikazomeana, vikaanza kuelewana. Juu yake nikapasua mayai, yakakaa kama majua madogo kwenye nchi mpya. Nikafunika, nikaweka makaa mekundu juu ya mfuniko, moto juu, moto chini. Na nilipofunua, enyi watu, ile harufu! Sufuria ya misiba ilikuwa imejaa mpaka shingoni, inameremeta, inatoa mvuke, na mimi nilisimama mbele yake na mwiko begani, uso mweusi kwa masizi, nikajisikia kwamba kiwanda kile kilipopunguza watu kilikosea hesabu.

Ndipo Anande alipoingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ametangulia kidogo, mama yake bado anasalimiana na watu barabarani, Evelyn amemshika mkono. Akasimama. Akavuta pumzi. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana kwamba kile ni nini.

“Vitu vya moshi,” nikasema. “Kama ulivyoagiza.”

Alinitazama mimi, akatazama sufuria, akatazama mdudu mwekundu kifuani kwangu, kana kwamba mmoja wetu watatu anaweza kutoa maelezo.

“Mimi nilisema vitu vya Moshi,” akasema. “Moshi. Kwetu. Mtori. Kiburu. Ndizi, Baba Evelyn, ndizi zipo chini ya kitanda tangu juzi.”

Laiti maneno yangekuwa yanatoka mdomoni na herufi kubwa! Herufi moja tu, ndugu zangu, M iliyosimama wima badala ya M iliyolala, na historia ingefuata njia nyingine. Lakini mdomo wa binadamu hauna herufi kubwa, hasa ukiwa umejaa pini. Na Anande hakuwa amemaliza. Akanikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe, mwana wa mlimani, nililijua tangu utoto na nikalisahau kwa sababu ya ushujaa: kwamba wazee wa kwetu samaki hawali. Wanamwita nyoka. Baba yake, marehemu, aliwahi kuhama meza harusini kwa sababu ya dagaa.

Nikafikiri kuificha sufuria. Ningeificha wapi, na harufu ilikuwa imekwisha kufika kituo cha mabasi? Nikafikiri kumwambia ni kuku. Kuku wa namna gani mwenye miiba? Tulikuwa bado tumesimama hivyo, jeshi la watu wawili lisilo na mpango, tukasikia sauti ya pili isiyotetereka ikipiga hodi kwenye mlango wa mbele.

Bibi Aika aliingia. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba kama kawaida yake, ya polepole, kisha akatazama uso wangu wenye masizi kwa muda mrefu kidogo kuliko salamu inavyohitaji. Akakaa kwenye ncha ya kiti. Evelyn akaruka akamkalia. Anande akaanza kusema kwamba Mama ngoja kidogo, kuna ndizi, nitakupikia haraka, na kabla hajamaliza ngao ikainuliwa.

“Usihangaike, mwanangu. Nimeshakunywa chai.”

Basi kuna wakati mtu anajua ameshindwa, na katika kushindwa huko anapata ujasiri wa bure, kwa kuwa hakuna tena cha kupoteza. Nilikwenda jikoni, nikaibeba sufuria nzima kwa vitambaa viwili, nikaiweka mezani mbele yake, nikasimama wima, nikanena:

“Mama. Mimi Elihuruma sina kazi ya kiti na meza tena, na wewe unajua. Nilichonacho ni hiki. Nimekipika tangu kulipopambazuka, nimekipika vibaya kwa kusikia vibaya, lakini nimekipika kwa ajili yako. Kikatae ukiwa umekiona.”

Bibi Aika akauliza kwa utulivu kwamba ni nini.

“Samaki wa moshi, Mama.”

“Samaki wa Moshi,” akarudia, na hapo nikasikia kwa masikio yangu ile herufi ikisimama wima. “Mimi nimezaliwa Moshi, nimebatizwa Moshi, nimeolewa Moshi. Samaki wa Moshi ni yupi?”

Hapo ningeweza kueleza habari za mkaa na ukaushaji. Ulimi wangu, ambao siku zote umenitia matatani, siku hiyo ukateleza upande mzuri.

“Wa Nyumba ya Mungu,” nikasema.

Evelyn akaacha kutikisa miguu. Mzee wa Kanisa alinitazama, na pembe ya mdomo wake ikafanya jambo dogo ambalo sikuwa nimewahi kuliona likifanyika pale.

“Nyumba ya Mungu,” akasema. “Tangu lini Mkristo akakataa kinachotoka huko? Funua.”

Nikafunua. Aliinama, akaangalia ndani ya sufuria. Hakuangalia juu tu. Alichukua mwiko akauzamisha mpaka chini, akapima kina, kama fundi anayepima kisima. Kisha akaniambia nitoke nje, kwa sababu yeye ni mtu wa zamani na hatafuni mbele ya mkwe.

Nikatoka. Nikasimama uani, nimeegemea ukuta chini ya dirisha, aproni bado kifuani, na vita vyangu vikaendelea bila mimi. Nikasikia sahani ya bati ikiwekwa. Nikasikia sala, fupi kuliko zote alizowahi kuomba katika nyumba ile, nikaichukulia kama dalili njema. Kisha kijiko kikagonga bati, mara moja, kwa mbali. Nikafunga macho. Kikagonga tena. Nashipae akatoa kichwa juu ya uzio, akaniuliza kwa mnong'ono kama amekula. Nikamwambia anakula. Akaniuliza kama ameyasifu maziwa. Nikamwambia anyamaze nisikie.

Baadaye kidogo Anande akatoka kama mtu anayefuata chumvi, akanikamata mkono, machozi ya kicheko yanamlenga. Akaniambia niache kujisifu haraka. Mama, alisema, anakula samaki yule kama mtu aliyezaliwa ziwani. Anaingiza pande mdomoni, anageuza ulimi mara moja, mwiba unatoka peke yake kwenye pembe ya mdomo, anaupanga ukingoni mwa sahani. Mtu hajifunzi hivyo kwa siku moja. Hajifunzi hata kwa mwaka.

Sauti ikatuita ndani. Sahani ilikuwa tupu, imezungushiwa ua dogo la miiba, iliyopangwa vizuri. Mama mkwe akaanza kwa kunikosoa, na sijawahi kusikia muziki mtamu kiasi kile: akasema samaki mkavu hachemshwi kwenye maziwa moja kwa moja, anakaangwa kwanza. “Mimi humkaanga kwanza,” akasema. Anande akamwuliza huyo anayemkaanga kwanza ni nani, na tangu lini.

“Tangu lile bwawa lilipojaa,” akasema Bibi Aika. “Marehemu baba yako alikuwa hataki kumsikia. Nilikuwa namla samaki kwa jirani, narudi nyumbani nimetafuna jani la mlimau.”

Hapo Anande akauliza swali ambalo mimi, Simba wa Sakina, sikuwa na moyo wa kuliuliza. Akasema: kama ni hivyo, Mama, mbona siku zote hizi ulikuwa huli hapa?

Bibi Aika akampangusa Evelyn mdomo kwanza. Kisha akasema, bila kututazama, kama mtu anayeeleza habari za hali ya hewa, kwamba kila alipokuja alipita uani, na uani aliiona sufuria jikoni. “Mlikuwa na ile ndogo. Nikila mimi, huyu angekula nini jioni? Leo nimezamisha mwiko mpaka chini. Nimekuta kipo cha kutosha.”

“Na ile chai uliyokuwa umekunywa,” nikasema, na sauti yangu haikuwa ya jemadari, “ulikuwa unakunywa kwa nani?”

“Chai ipi?” akasema. “Mimi nilikuwa nakunywa chai nikifika nyumbani.”

Basi mkuki ukaniponyoka mkononi. Miezi yote ile nilikuwa nimesimama ukutani mwa ngome yangu nikimrushia mishale mtu aliyekuwa amelala na njaa nje ya lango ili sisi tulioko ndani tushibe. Kutoka Arusha mpaka Moshi, na kutoka Moshi kupanda mpaka juu migombani, bila kitu tumboni, akiimba sauti ya pili. Nikachukua sahani yake, nikaijaza tena mpaka pomoni, nikaiweka mbele yake, nikageuka nitoke. Akaniambia nikae. Nikakaa. Akala mbele yangu, mtu wa zamani yule, akitafuna wazi, akinielekeza kwa ncha ya kijiko ni wapi chumvi ilizidi na ni wapi kiazi hakikuiva, na hakuacha kitu.

Na alipomaliza alitoka kwenye ncha ya kiti. Alisogea nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa mto, akavua viatu vyake vya ibada, akavisukuma kando kwa kidole cha mguu, akasema anapumzisha macho kidogo tu kwa sababu basi lake ni la mchana. Kisha kichwa kikaegemea upande, na kutoka kifuani mwake ukapanda mkoromo wa sauti ya pili, mzito, usiotetereka, ukajaza sebule yangu kutoka ukuta hadi ukuta.

Sasa andikeni, enyi mnaoandika mambo makubwa. Wakati wengine wanaandika habari za viwanda vilivyouzwa na mipaka iliyofunguliwa, ninyi andikeni kwamba katika zama za Ruksa, Jumapili, jua likiwa limepanda, Bibi Aika wa Moshi alishiba katika nyumba ya Elihuruma asiye na kazi, akavua viatu, akalala. Andikeni kwamba Anande alifunga mlango bila sauti na kumwekea Evelyn kidole mdomoni. Andikeni kwamba Nashipae aliambiwa habari hiyo kwa ishara na akamkatiza ng'ombe wake aliyetaka kulia. Nami, Mtikisa Masufuria, nilisimama kando ya barabara kuu ya Nairobi na aproni yangu yenye mdudu, masizi usoni, nikawapungia mkono madereva wa malori na mabasi mmoja mmoja wapunguze honi, kuna mtu amelala. Na wapo waliopunguza. Basi la mchana la Moshi liliondoka stendi na kiti kimoja kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mama mkwe wangu hakuwa na haraka ya kwenda kunywa chai popote.